Kasi, Utulivu au Kubadilisha Gia: Ushambuliaji Upi Unaufaa Ulinzi Wako?

Kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani kuna ubishi usiokwisha. Timu ikishambulia mbiombio, jaribio moja halijapoa jingine limeanza, walinzi wake yenyewe wanapona au wanaumia? Wapo wanaoapa kwamba kasi inaua ulinzi: washambuliaji wakifunga ndani ya dakika moja, walinzi wanarudishwa uwanjani hata maji hawajamaliza kunywa. Wengine wanasema takwimu zinasomwa kichwa chini miguu juu. Na wapo makocha waliochoshwa na pande zote mbili, wakaamua kuwa na mwendo zaidi ya mmoja.

Ulinganisho huu ni kwa anayelazimika kuchagua: kocha wa shule au chuo kidogo anayepanga msimu, kijana wa ulinzi mwenye ofa za vyuo viwili, na mzazi wake, wakiwemo Waswahili walioko Texas au Minnesota ambao wao wenyewe walikulia kwenye soka.

Kwa hao wa soka, tuwekane sawa kwanza. Timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na haviingii uwanjani kwa pamoja. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Wakifaulu wanapata mengine manne. Wakikwama kwenye la tatu, kwa kawaida wanaupiga mpira teke la mbali na zamu inahamia kwa wapinzani. Mechi ni dakika 60. Jaribio likiisha, saa ya sekunde 40 inaanza kuhesabu kuelekea linalofuata, utaratibu ambao vyuo viliuanza 2008. Timu ya polepole huzila karibu sekunde zote hizo. Timu ya kasi hujipanga na kuanza tena hata nusu hazijafika, bila ule mkusanyiko wa duara ambamo kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi, huwapa wenzake maelekezo. Maagizo yanakuja kwa ishara za mikono na mabango kutoka pembeni.

Tutapima kwa nini

Cha kwanza ni pumzi, na hapa nahesabu majaribio, si dakika. Dakika za kumiliki mpira zinadanganya, kwa sababu saa inaweza kutembea nusu dakika huku watu 22 wamesimama wakitazamana. Kinachomchosha mlinzi ni kukimbia na kugongana. Isitoshe, mechi za televisheni zina matangazo ya biashara baada ya kufungana au baada ya teke, na mapumziko hayo hayaonekani kwenye saa ya mechi.

Cha pili ni zamu zinazokufa mapema: majaribio matatu, yadi 10 hazijapatikana, teke. Kipimo hiki kinasahauliwa sana, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua zaidi ya vyote.

Cha tatu ni mazoezi, yaani walinzi wanakutana na nini wiki nzima wanapojinoa dhidi ya wenzao.

Cha nne ni kina cha kikosi. Kwa miaka mingi vyuo vya ngazi ya juu vilikuwa na kikomo cha wachezaji 85 wenye ufadhili. Mwaka 2025 kikaja kikomo kipya cha wachezaji 105 kikosini kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya malipo. Shule ya sekondari yenye vijana 35, nusu yao wakicheza pande zote mbili, iko kwenye dunia nyingine kabisa.

Cha mwisho ni namna ya kusoma matokeo. Timu hupokezana mpira, hivyo mechi ikiisha idadi ya zamu za kila upande inakaribia kulingana. Chukua mfano: ulinzi wako huruhusu wastani wa pointi 2 kwa zamu. Kwenye mechi ya zamu 11 utaruhusu 22. Kasi ya washambuliaji wako ikiifanya mechi kuwa ya zamu 14, utaruhusu 28, na watu watasema ulinzi umeoza. Haujaoza hata kidogo. Umefanya kazi ileile mara nyingi zaidi, na wapinzani nao wamelinda mara 14. Kwa hiyo unapolinganisha timu za mwendo tofauti, achana na pointi kwa mechi. Tazama pointi kwa zamu, au yadi kwa jaribio.

Kasi mwanzo mwisho

Huwezi kuanza hapa bila Chip Kelly. Akiwa kocha mkuu wa Oregon kuanzia 2009 hadi 2012, alishinda mechi 46 na kupoteza 7. Mwaka 2010 Oregon iliongoza nchi kwa kufunga, na bado ulinzi ulioongozwa na Nick Aliotti uliruhusu chini ya pointi 20 kwa mechi. Wakafika fainali ya taifa Januari 2011, wakafungwa na Auburn 22-19. Ukiruhusu pointi 22 kwenye fainali, lawama za kupoteza zisielekezwe kwa walinzi.

*Pumzi.* Walinzi wa timu ya kasi hukabili majaribio mengi kwa mechi, hilo halina ubishi. Lakini jasho haliwatoki peke yao. Kwa kanuni za vyuo, washambuliaji wakibadilisha wachezaji, walinzi wa upande wa pili lazima wapewe nafasi ya kubadilisha pia. Wasipobadilisha, walinzi waliomo wamekwama mlemle na miguu yao mizito. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulishuhudia mapande ya watu wakianguka ghafla, wameshika goti, dakika moja baadaye wamerudi wakikimbia vizuri tu. Mwaka 2025 kanuni ikakazwa: mchezaji akianguka baada ya mwamuzi kuuweka mpira tayari, timu yake inakatwa muda mmoja wa mapumziko, na kama haina uliobaki inarudishwa yadi 5.

*Zamu zinazokufa.* Hapa ndipo penye hatari. Pasi isiyokamilika husimamisha saa, kwa hiyo pasi tatu mbovu zinaweza kumaliza zamu nzima kabla nusu dakika ya mechi haijapita. Timu ya polepole ikikwama hivyo, angalau walinzi wameketi. Novemba 2013 Stanford walikaa na mpira zaidi ya dakika 42 dhidi ya Oregon, Tyler Gaffney akaubeba mara 45, wakashinda 26-20. Maelezo rahisi ni kwamba kasi ya Oregon iliwamaliza walinzi wake. Mimi natazama jambo jingine: Oregon hawakuwa na pointi hata moja mpaka robo ya nne, walipokuwa nyuma 26-0. Washambuliaji wasiofunga wangewaumiza walinzi wao kwa mwendo wowote. Kasi iliwafanya washindwe upesi zaidi.

*Mazoezi.* Faida ni kubwa na kasoro ni kubwa. Walinzi hawa hupata majaribio mengi mno mazoezini, miili inazoea, na wanajifunza kupokea maagizo na kujipanga kwa haraka. Tatizo ni kwamba kasi mara nyingi huandamana na mtindo wa kuwatawanya wachezaji uwanja mzima. Wiki nzima walinzi wanakimbizana kwenye nafasi pana, hawakutani na safu nzito inayokuja kifua kwa kifua. Januari 2015, kwenye fainali ya kwanza ya mfumo wa mchujo, Ohio State waliifunga Oregon 42-20. Ezekiel Elliott alikimbia yadi 246 na kufunga tachidauni 4, yaani kuufikisha mpira mara nne kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Ohio State walipoteza mpira mara 4 siku hiyo na bado wakashinda kwa tofauti ya pointi 22.

*Kina.* Bila walinzi wa mstari wa mbele wa kupokezana, angalau wawili kwa kila nafasi, usianze.

*Matokeo.* Kuna mechi moja ambayo wanaoipinga kasi huitumia kama fimbo: tarehe 22 Oktoba 2016, Lubbock, Oklahoma 66, Texas Tech 59. Kila timu ilipata yadi 854. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Texas Tech, peke yake alirusha yadi 734 na akatoka uwanjani amefungwa. Texas Tech ilimaliza msimu na ushindi 5 na vipigo 7. Hata ukihesabu kwa zamu, ulinzi ule haukuwa na utetezi. Lakini sidhani kuwa miguu iliyochoka inatosha kueleza pointi 66. Klabu au chuo kikielekeza vipaji vyake bora na akili zake zote kwenye kushambulia, ulinzi unabaki na makombo, na hilo ni suala la usajili kuliko mwendo.

Kasi inamfaa nani? Timu iliyo bora kuliko wengi inaokutana nao. Kadiri zamu zinavyoongezeka, bahati nasibu inapungua na ubora unajionyesha. Inamfaa pia mlinzi wa nyuma mwepesi anayetaka kuonekana, maana atacheza sana.

Polepole, mpira mikononi

Wadau wa mtindo huu wana mechi yao ya kutamba nayo pia, ingawa walipoteza. Septemba 2018 Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point chini ya Jeff Monken, ilikwenda kwa Oklahoma ya kwotabeki Kyler Murray, moja ya safu kali za ushambuliaji katika historia ya vyuo. Army wakashika mpira zaidi ya dakika 44. Oklahoma walipata majaribio 40 tu mechi nzima, Army zaidi ya mara mbili ya hayo. Muda wa kawaida uliisha sare, na Oklahoma wakaponea kwenye muda wa nyongeza, 28-21.

*Pumzi.* Ni bora kuliko zote, *kama* washambuliaji wanapata zile yadi 10. Walinzi wa Army walikuwa mashabiki wenye viti vizuri kwa sehemu kubwa ya mchezo.

*Zamu zinazokufa.* Na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kwenda polepole si sawa na kumiliki mpira. Iowa ya 2023 ilikuwa polepole bila kumiliki: washambuliaji walifunga wastani wa pointi 15.4 kwa mechi, na mpiga teke wao, Tory Taylor, aliupiga mpira mbali mara 93 kwa jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu mmoja kwa vyuo. Nyota wa timu alikuwa mtu anayeingia wenzake wakishindwa! Ulinzi ulikuwa wa hali ya juu, ukiruhusu pointi 14.8 kwa mechi, na uliibeba timu hadi ushindi 10. Ila uliingia uwanjani tena na tena. Fainali ya ligi yao wakafungwa na Michigan 26-0. Kisha Siku ya Mwaka Mpya 2024 wakafungwa 35-0 na Tennessee ya Josh Heupel, moja ya timu za kasi zaidi nchini. Walinzi wa timu ya mbio ndio waliotoka bila kuruhusu hata pointi moja.

*Mazoezi.* Walinzi wanakutana na nguvu kila siku, wanajifunza kumzuia anayekimbia na mpira katikati na hawaogopi kugongwa. Wanachokosa ni kuzoea kasi. Kocha hulazimika kuunda kikosi cha kuigiza wapinzani wa mbio, na vijana wa akiba hawawezi kuiga kasi ya kweli.

*Kina.* Mtindo huu unavumilia kikosi chembamba.

*Matokeo.* Takwimu kwa mechi huwapendelea walinzi wa timu hizi, ile hesabu ya zamu 11 na 14 ikigeuzwa upande wa pili. Mlinzi akijisifu kwamba timu yake iliruhusu pointi 18 tu kwa mechi, muulize zamu zilikuwa ngapi. Wakati huohuo usiubeze mtindo: Michigan ya 2023 ilitembea taratibu, na kwenye mechi ya Penn State karibu kipindi chote cha pili walikimbia tu na mpira bila kurusha. Ikamaliza msimu bingwa, mechi 15, ushindi 15.

Kuna gharama moja ambayo mashabiki wa utulivu hawapendi kuitaja. Ukiwa nyuma kwa pointi 17 robo ya nne, huna gia ya kukurudisha. Na zamu zikiwa chache, kosa moja la mlinzi lina uzito mkubwa, kwani hakuna zamu nyingi za kulifidia.

Unamfaa nani? Timu dhaifu inayokutana na kubwa. Zamu chache huongeza nafasi ya maajabu, na Army karibu wayafanye.

Kubadilisha gia

Nick Saban wa Alabama alikuwa mkosoaji mkubwa wa kasi. Mwaka 2012 aliuliza hadharani kama huo ndio mchezo tunaoutaka. Mapema 2014 yeye na Bret Bielema wa Arkansas walisimama upande wa pendekezo la kuzuia jaribio lisianze ndani ya sekunde 10 za kwanza, ili walinzi wapate kubadilishana. Pendekezo likawekwa kando. Mwaka huohuo Saban akamwajiri Lane Kiffin kuongoza ushambuliaji, na Alabama ikaanza kukimbia ilipotaka kukimbia. Kama huwezi kuibadilisha sheria, itumie. Sioni aibu hapo.

*Pumzi.* Mantiki yake ni nyepesi: kimbia wakati walinzi wa wapinzani wanahema, tulia wakati walinzi wako wametoka kwenye zamu ndefu. Kocha wa ushambuliaji anapaswa kumsikiliza kocha wa ulinzi katikati ya mechi. Kwenye timu nyingi wawili hao hawaongei mpaka mapumziko.

*Zamu zinazokufa.* Gia haikuponyi kama washambuliaji wenyewe wamebanwa, na ushahidi unaotosha ni fainali ya Januari 2017 kati ya Alabama na Clemson. Alabama haikupeleka mchezo mbio usiku ule. Hata hivyo ilifaulu mara 2 tu kati ya 15 kwenye majaribio ya tatu, zamu baada ya zamu ikaishia kwenye teke, na ulinzi uliosifiwa kuliko wote nchini ukajikuta umekabili majaribio 99. Robo ya tatu ilipoisha Alabama waliongoza 24-14. Robo ya nne Clemson, timu iliyozoea mwendo wa kasi, wakafunga pointi 21, za mwisho ikiwa imebaki sekunde moja: 35-31. Walinzi wa Alabama walichoshwa na Deshaun Watson, kwotabeki wa Clemson, kweli, lakini walichoshwa pia na wenzao wa jezi moja walioshindwa kukaa na mpira. Mtu akikuambia kasi ndiyo adui wa ulinzi, mpe mechi hii aieleze.

*Mazoezi.* Walinzi wanaona kila kitu, na hiyo ni neema. Tatizo ni muda. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu saa 20 za shughuli za lazima kwa wiki wakati wa msimu, na kufundisha mienendo miwili au mitatu kunazila haraka. Timu inaweza kuishia kujua yote nusunusu. Unahitaji pia kwotabeki mwenye kichwa kilichotulia. Tangu 2024 vyuo vya ngazi ya juu vinaruhusiwa redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja kwa kila upande, ambayo hukatika saa ya sekunde 40 ikibakiza 15, na hiyo imerahisisha kazi kidogo.

*Kina.* Wastani.

*Matokeo.* Hata wenye gia huangukia kwenye mechi za ajabu. Oktoba 2020 Alabama walikwenda Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ambako Kiffin sasa alikuwa kocha mkuu, wakaruhusu pointi 48 na kushinda kwa sababu walifunga 63. Msimu ule walimaliza bila kupoteza na wakachukua ubingwa.

Inafaa timu yenye wafundishaji wa kutosha na kwotabeki aliyekaa na mfumo zaidi ya msimu mmoja.

Chagua kwa hali yako

Kocha wa shule yenye vijana wachache wanaocheza pande zote mbili: kwako kasi ya mechi nzima ni mzigo maradufu, kwa kuwa anayeshambulia ndiye anayelinda. Anza na utulivu, halafu ongeza zamu moja au mbili za mbio kila kipindi, wapinzani wasijue lini.

Kocha mwenye vipaji vingi kuliko ligi yake: ongeza zamu. Lakini kabla ya hapo pitia mechi za msimu uliopita uhesabu zamu zako zilizokufa kwa majaribio matatu. Kama ni nyingi, kasi itaziongeza, na walinzi wako ndio watakaolipa. Tengeneza kwanza mbio fupi na pasi fupi zinazokamilika.

Kocha wa timu ndogo inayopangiwa vigogo: fuata Army. Punguza zamu, wanyime mpira, na usione haya kuzitumia sekunde zote 40. Tangu 2023 saa haisimami tena kila washambuliaji wanapopata yadi 10, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila kipindi, na badiliko hilo limekupendelea wewe.

Kama ulinzi wako ni mzuri lakini washambuliaji ni wabovu, kupunguza kasi hakutakuokoa. Iowa walijaribu. Tatizo lako liko kwa kwotabeki na safu inayomkinga.

Kijana wa ulinzi mwenye ofa mbili: kama wewe ni mzito wa mstari wa mbele, waulize makocha wanapokezanisha wachezaji wangapi kwenye nafasi yako. Timu ya kasi inayotegemea wanne tu itakumaliza kabla Novemba haijafika. Yenye wanane itakupa nafasi ya kucheza hata mwaka wa kwanza. Kama wewe ni mlinzi wa nyuma, timu ya kasi itakuonyesha zaidi, kwa mazuri na kwa mabaya. Ukiwa wa katikati na unapenda kuwazuia wanaokimbia na mpira, timu nzito itakufundisha mengi kila wiki.

Na mzazi anayeonyeshwa jedwali la timu mbili, moja imeruhusu pointi 27 kwa mechi na nyingine 21: omba safu moja ya ziada, idadi ya zamu walizolinda, ugawanye mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.